Matumizi ya Maji: Hakuna

Nyumbani, 4 Machi

Mdogo wangu Futi,

Usianze kuniuliza hali ya Mama, nitafika huko mwenyewe. Kwanza maji.

Leo ni siku ya kumi na moja tangu wafunge lile lango jipya kule darajani, na mto haujapanda wala kushuka. Umesimama chini ya ngazi ya tatu kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua. Nitakueleza mambo unayoyajua tangu utotoni, maana nataka barua hii uwaonyeshe wakubwa wako huko ofisi ya maji. Waambie hivi: mtaa wetu una nyumba kumi na mbili, zote za wapiga chapa za vitambaa, na kila nyumba ina mlango wa nyuma unaotazama mto. Bahari iko mbali, lakini ikijaa inausukuma mto mpaka kwetu, na ikipwa mto unarudi ulikotoka na kuacha mistari kwenye tope. Maji yakishapwa tunashuka na fremu zetu za mbao. Unageuka, unatupa fremu nyuma bila kutazama, na mistari iliyoingia ndani yake ndiyo kazi yako ya siku hiyo. Uipende usiipende, hakuna kutupa mara ya pili. Unainakili kwenye kibao kwa mkaa, unachonga, unapiga chapa.

Waambie na ile ya jirani yetu Bwana Rangi, fremu yake ilipoangukia nyayo za bata. Alilalama siku nzima kwamba amekwisha, na kitambaa kile ndicho kilichopendwa kuliko vyote mwaka ule. Mpaka leo watu wanakuja kuulizia "Bata Kachelewa".

Sasa tope limekauka na kupasuka vipande, na vipande vya leo ndivyo vya jana. Nyumba ya kwanza wanachora maua waliyoyaona kwenye pazia la hospitali. Nyumba ya nne wamenakili vigae vya choo, na sikutanii.

Mama anashuka kila siku na fremu yake, anatupa, anatazama, anapanda. Patasi hajaigusa siku zote kumi na moja. Jana alinikuta nakoroga rangi, akaniuliza, "Unakoroga ya nini?"

Mwenyekiti wa mtaa anasema pingamizi za lango zinapokelewa mpaka tarehe 30 Aprili. Ametuonyesha nakala ya ripoti ya upimaji, na kwenye mtaa wetu wameandika: "Matumizi ya maji: hakuna." Sahihi imefifia, haisomeki. Nitafutie huyo mtu, Futi. Wewe ni mpimaji, lazima mnajuana. Nataka nimwone uso tu, huyo aliyekanyaga tope letu akaandika hakuna.

Dada yako

*

Ofisini, 12 Machi

Dada, shikamoo. Na Mama mfikishie shikamoo yake.

Barua nimeisoma wenzangu walipokwenda kula, nikaiweka kwenye droo. Nasubiri wakati mzuri wa kuwaonyesha wakubwa. Huku mambo hayaendi kwa haraka, na ukimwendea mkuu wa idara siku mbaya umeharibu mwezi mzima.

Lakini naomba tuwe wa haki. Lango lile halikujengwa kwa ubaya. Miaka sita mabomba ya mjini yametoa maji ya chumvi, na mashamba ya juu yalikuwa yanakauka mpunga ukiwa umesimama. Leo mke wangu anafungua bomba na chai inakuwa chai.

Kuhusu ripoti, hizo hujazwa kwenye fomu. Fomu ina safu sita: kunywa, kilimo, mifugo, uvuvi, usafiri, kiwanda. Mpimaji anajaza kinachoingia humo. Safu ya kutazama tope haipo. Huyo unayemtafuta huenda hakuwa na nia mbaya, Dada. Huenda alikuwa amechoka tu.

Kwa sasa si mngetumia vibao vya zamani? Na Mama kwa nini asije kukaa kwangu kidogo? Nyumba hii ya kazi ina nafasi, na mke wangu angefurahi kuwa na mkubwa ndani.

Mdogo wako,
Futi

*

Nyumbani, 25 Machi

Futi,

Vibao vya zamani! Umekaa huko mpaka umesahau nyumba uliyozaliwa? Kibao kikimaliza msimu kinakwenda jikoni kuwa kuni. Ndiyo maana wanunuzi wanatufuata sisi, kwetu kitambaa hakirudiwi. Nilipomsomea Mama maneno yako alicheka, mara ya kwanza mwezi huu, akasema, "Huyo anataka tupige chapa kwa majivu." La kuja kwako amesema atafikiria. Unajua Mama akisema atafikiria maana yake nini.

Sasa nina siri, na ukiitoa nakuja huko kwa miguu yangu kukushika masikio.

Nilipokwisha kukuandikia ile barua ya kwanza, Mama aliacha kushuka mtoni. Alilala akatazama ukuta. Chai nikimpelekea inapoa, uji unaganda, akiniitikia anaitikia kwa kichwa. Niliogopa, Futi. Niliogopa kweli. Siku ya nne niliamka alfajiri nikachukua ndoo mbili na mti wa ufagio, nikashuka. Nilimwaga maji juu ya tope mpaka likalainika, nikachora. Mimi! Mimi wa kukoroga rangi na kupiga chapa, ambaye sijawahi kuchora hata kuku. Nilijaribu kukumbuka maji yalivyokuwa yakilikwepa lile jiwe bapa, yalivyojikunja yakikutana na ngazi, nikafuatisha. Kisha nikamwamsha Mama, nikamwambia walinzi wamelegeza lango kidogo, maji yamefika na kurudi.

Alishuka na gauni lake la kulalia. Akatupa fremu, akainama pale muda mrefu mpaka miguu yangu ikaanza kufa ganzi. Kisha akasema, "Lete mkaa."

Amechonga vibao vitano tangu siku hiyo, na anakula. Majirani nao wamesikia kwamba lango linalegezwa, wanakuja na fremu zao kwenye tope letu, nyumba zote. Kila siku nalazimika kuchora eneo kubwa zaidi, mgongo sina tena. Lakini mtaa unanuka rangi, Futi, na ukipita unasikia patasi kila dirisha. Hata wale wa vigae vya choo wameacha.

Nafanya dhambi? Hilo usinijibu. Nijibu la wakubwa, umewaonyesha barua? Zimebaki wiki tano.

Dada yako

*

Nyumbani kwangu, 9 Aprili

Dada,

Barua hii nimeiandika mara nne. Mtu unayemtafuta ni mimi.

Nilipewa mto wote niupime, kuanzia darajani mpaka mashambani. Kila mtaa niliukanyaga, isipokuwa mmoja. Nilipofika kwenye kona ya kwetu nilijiambia, hapa nashuka kufanya nini, napajua kwa moyo. Nikajaza fomu nimekaa ndani ya gari. Kunywa, hatunywi. Kilimo, hatulimi. Mifugo, bata wa jirani sikumtia. Uvuvi hapana, usafiri hapana. Kwenye kiwanda nilisita, nikaona hata rangi tunakoroga kwa maji ya bomba. Nikaandika hakuna. Dakika mbili hazikufika. Kitu nilichokitazama tangu nizaliwe sikukiona, kwa sababu hakikuwa na safu. Na chini nikatia sahihi kwenye maneno yanayosema: "Nimekagua eneo hili kwa miguu yangu mwenyewe."

Nilikuwa mita mia mbili kutoka mlangoni kwetu. Nilikuwa na haraka, nikajua Mama akiniona ataniweka chini nile, sikupiga hodi. Mengine yote naweza kuyaeleza, hilo siwezi.

Njia ipo. Mpimaji akikiri kwa maandishi kwamba alikosea, kabla ya hiyo tarehe 30, eneo lazima lipimwe upya na mtu mwingine. Ikionekana maji yana matumizi, lango hupangiwa saa za kufunguliwa. Lakini nikikiri hilo nakiri pia kwamba nilitia sahihi ya uongo. Hapo kazi imekwenda, na kazi ndiyo nyumba. Mke wangu ana mimba ya miezi saba na hajui lolote.

Wewe umemdanganya Mama kwa mti wa ufagio, ukamwinua kitandani. Mimi nilimdanganya kwa kalamu, nikamlaza. Niambie nifanye nini. Na tafadhali, Mama asijue.

Futi

*

Nyumbani, 15 Aprili

Mwanangu,

Mimi nasema, Bwana Rangi anaandika, na nimemwonya asiongeze chumvi. (Siongezi. B.R.)

Barua yako ilifika dada yako amepeleka vitambaa kwa wanunuzi. Nilimwomba Bwana Rangi anisomee kidogo tu nijue hali ya mkwe wangu. Alipofika kwenye mstari wa kwanza alitaka kuikunja, nikamkatalia. Tumeifunga tena kwa gundi ya rangi, dada yako hatatambua. (Gundi safi sana. B.R.)

Mita mia mbili. Hilo limeniuma kuliko fomu, na nitakuuliza siku tukionana, si kwenye karatasi.

Sasa sikiliza habari ya mti wa ufagio. Miaka arobaini nimeinamia tope hili, nisijue mkono wa maji? Maji hayaogopi kitu. Mistari ya siku ile ilijaa woga, inaanza, inasimama, inajiuliza. Niliinama muda mrefu kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka anione. Dada yako nimembembeleza achore tangu ana miaka saba, anasema yeye ni wa rangi. Leo anaamka kabla ya jua anachorea nyumba kumi na mbili, na kila siku mkono unazidi kufunguka. Mtaa mzima unajua. Tumekubaliana kunyamaza. Akigundua kwamba tunajua ataona aibu, ataweka ule mti chini na hataushika tena, namjua nilivyomzaa. Kwa hiyo kuhusu mti huo usimwambie neno, hata nusu ya neno. Nakuamrisha kama mama yako.

Ama fomu, nenda kaseme. Si kwa ajili yangu, mimi nimechonga vya kunitosha. Dada yako anachora maji anayoyakumbuka, na wiki hii ameanza kujirudia. Kuna mkunjo mmoja nimeuona mara tatu. Maji yasiporudi atakwama, atadhani hajui, na huyo mchoraji niliyemngoja miaka yote atakuwa amekwisha kabla hajajijua. Nataka maji kwa ajili yake.

Mkeo mweleze leo hii. Nyumba yetu ina vyumba.

Mama yako

(Na mimi nasema nenda. B.R.)

*

Nyumbani, 17 Aprili

Futi,

Nimesoma. Kwa hiyo huyu aliyesahau kwamba vibao vinakwenda jikoni ndiye anayepajua kwetu kwa moyo.

Siku ile uliyokaa garini nadhani naikumbuka. Mama alikuwa amepika akasema, "Leo najisikia kama tutapata mgeni." Nilimcheka.

Sijamwambia. Barua nimeificha ndani ya kopo tupu la rangi na hatajua kamwe, maana akijua ulifika kona ile ukageuza gari itamwua. Namwona ametulia tu anachonga, hana habari, na kila akiniomba nikusalimie kwenye barua natamani kupiga kelele.

Unaniuliza ufanye nini. Kama unaniuliza ili nikwambie linda kazi, mke mjamzito, tutaelewa, basi umekosea mlango. Andika kwamba ulikosea. Ukishaandika ndipo uniite dada.

Mkoroga rangi

*

Nyumbani kwangu, 29 Aprili

Kwako,

Nimeandika. Nimeipeleka leo asubuhi kwa mkono wangu.

Nilichukua fomu mpya, nikashika rula, nikachora safu ya saba pembeni ya zile sita. Juu yake nikaandika "Kuchora". Chini yake nikaandika: "Kila siku maji yakipwa huacha mistari kwenye tope, na mistari hiyo ndiyo kazi ya nyumba kumi na mbili." Mkuu wa idara alisoma akiwa amekaa, kisha akasoma tena amesimama. Akaniuliza kama naumwa. Nilipomwambia la sahihi alifunga mlango. Hakunitukana, afadhali angenitukana. Nimesimamishwa kazi, na nyumba tuwe tumetoka mwisho wa Mei.

Mke wangu alilia sana. Baadaye aliinuka akaanza kufunga vyombo kwenye magazeti, kimoja kimoja, bila kunitazama.

Mpimaji mwingine atakuja kwenu. Ni lini na ni nani hawaniambii, na sina haki tena ya kuuliza. Kuna jambo ningetaka kukwambia kuhusu asubuhi zako, lakini nimeahidi kunyamaza, na niliyemwahidi siwezi kumvunjia neno kwa mara ya pili. Nimekaa na kalamu hapa karibu saa nzima. Basi, naliacha.

Je, naruhusiwa sasa kukuita dada?

Futi

*

Nyumbani, 20 Mei

Mdogo wangu,

Unaruhusiwa. Sasa kaa chini.

Alikuja Jumanne ya wiki iliyopita. Msichana, mabuti ya mpira mapya, ana adabu zake. Hakupita barabarani, alikuja akifuata mto kwa miguu kama fomu yenu inavyotaka. Alinikuta nimeinama, ndoo pembeni, mti mkononi, tope lote mpaka nyumba ya tano limejaa kazi yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mistari hii unachora wewe?"

Ningeweza kusema nafagia. Ningeweza kusema nimechanganyikiwa. Lakini Futi, tangu nianze hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Nilimwambia ndiyo, na nilisema kwa majivuno, Mungu anisamehe.

"Na ya jana?"

"Mimi."

"Tangu lango lifungwe, yote?"

"Yote mimi. Nyumba zote kumi na mbili wanafanyia kazi mistari yangu."

Akaandika. Akaniambia ni mizuri sana, na naamini alisema kweli. Hapo Bwana Rangi akatokea mlangoni kwake na sabuni usoni, anapiga kelele, "Usimsikilize! Maji ndiyo yanayochora! Huyo anafagia tu!" Majirani wakatoka na fremu zao, kila mmoja anaapa, maji, maji, na hakuna aliyenishangaa kuniona na mti. Hakuna hata mmoja. Ndipo nikaelewa. Wiki tisa nilidhani nawadanganya mtaa mzima, kumbe aliyekuwa anadanganywa nilikuwa mimi peke yangu.

Mama akashuka ngazi polepole. Akamwambia yule binti, "Anachora maji anayoyakumbuka. Yasiporudi atakumbuka nini?" Binti aliitazama fomu yake, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele. Akasema, "Hilo sina mahali pa kuliandika, mama."

Jana majibu yamekuja. Safu yako ya saba wameiweka. Chini yake imeandikwa: "Mistari huchorwa na wakazi wenyewe. Matumizi ya maji: hakuna." Lango litabaki limefungwa. Safari hii aliyeandika alikanyaga tope, sahihi yake inasomeka vizuri, na kila neno ni kweli.

Mama amenieleza yote, mpaka habari ya gundi. Kwa nini hukuniandikia, Futi? "Dada, ficha ule mti." Maneno manne tu. Ulijua mpimaji anakuja, ulijua mti ninao, ukakaa saa nzima na kalamu ukamtii Mama. Maisha yako yote hujawahi kumtii, ukachagua siku hiyo. Naye Mama, badala ya kunishika mkono na kuniambia binti yangu unajua kuchora, akanivizia kutoka dirishani wiki tisa. Nami nikajitangaza mbele ya mgeni kwa sababu ameniuliza vizuri.

Leo nilishuka tena. Hakuna wa kumficha sasa, nilifikiri itakuwa rahisi. Nililainisha tope, nikasimama. Ule mkunjo wa kwenye jiwe bapa, sikukumbuka unaanzia upande gani. Nilisimama mpaka jua likanichoma kichwa, nikaacha ndoo pale pale nikapanda. Mama alikuwa kwenye ngazi na fremu yake mapajani. Nami nikampita.

Chumba chako nimekipiga deki, kitanda nimekihamishia ukuta wa mbele. Mlete mkeo kabla mtoto hajaja. Nina watu watatu wa kuwasamehe, wewe, Mama na mimi mwenyewe. Nimeona nianze na wewe uliye mbali, kwa sababu hao wawili naishi nao humu ndani na bado siwezi kuwatazama.

Dada yako